Laptopu ya mtumba inakukatalia folda? Jua kwanza ni nani anayekukataza

Umetoka Luthuli Avenue na laptopu yako ya kwanza. Wamekuambia ni "ex-UK", ina mikwaruzo miwili mitatu kwenye kifuniko, lakini inawaka haraka na betri inashika. Umelipa kwa M-Pesa, umepewa chaja na risiti ya mkono. Ukifika kejani unaanza kupekua. Hapa kuna folda yenye jina la mtu usiyemjua, pale kuna folda inayokula nafasi kibao kwenye diski. Unabofya. Skrini inakujibu: "Access is denied." Unabofya tena, kama mtu anayebisha mlango akijua kabisa kuna watu ndani. Jibu ni lile lile.

Kwani mashine ni ya nani?

Usilipite hilo swali haraka, kwa sababu ndilo litakalokuonyesha cha kufanya. Wengi wakikutana na ujumbe huo hukimbilia YouTube, wananakili amri ya kwanza wanayoiona, wanaibandika na kufungua kila kilichokuwa kimefungwa. Wengine hubahatika. Wengine huamka kesho yake na tarakilishi isiyowaka, na kazi ya chuo ilikuwa humo humo.

Ukweli ni kwamba mlango unaweza kuwa umefungwa na mmoja kati ya watatu. Wa kwanza ni Windows yenyewe. Wa pili ni aliyeitumia mashine kabla yako. Wa tatu ni kampuni au shule ambayo bado inaishikilia mashine kutoka mbali. Kila mmoja ana dawa yake, na dawa ya mmoja ni sumu kwa mwingine.

Kila folda ina mwenyewe

Windows unayotumia leo ni mjukuu wa Windows NT, iliyotoka mwaka wa 1993 na mfumo wake wa kupanga faili unaoitwa NTFS. Mfumo huo ulitengenezewa maofisi, mahali ambapo watu wengi wanatumia mashine moja na si kila mtu anafaa kuona barua za mkubwa. Kwa hiyo kila folda na kila faili hubeba mambo mawili: jina la mmiliki, na orodha ya nani anaruhusiwa kusoma, kuandika au kufuta.

Ifikirie kama ploti ya nyumba za kupanga. Mpangaji ana ufunguo wa chumba chake pekee. Keateka ana funguo za geti na stoo, na mpangaji akihama anaweza kubadilisha kufuli. Lakini sanduku la mita lina sili ya kampuni ya stima. Hata keateka haligusi, na akiligusa, ploti nzima inaweza kulala gizani.

Kwenye Windows, akaunti ya kawaida ndiye mpangaji. Akaunti ya msimamizi, inayoandikwa "Administrator", ndiye keateka. Sanduku la mita tutalifikia sasa hivi.

Jambo moja zaidi ambalo wengi hawalijui: Windows haikutambui kwa jina. Inakutambua kwa nambari ndefu inayoanza na S-1-5-21. Unaweza kuitwa "user" kwenye mashine ya zamani na "user" kwenye mpya, lakini kwa Windows nyinyi ni watu wawili tofauti. Ndiyo maana ukikagua ruhusa za folda ya mtu ambaye akaunti yake ilifutwa, mahali pa jina unakuta "Account Unknown" na msururu wa tarakimu. Mwenyewe alihama, kufuli likabaki.

Mlango wa kwanza: Windows inajilinda

Ukitaka kufuta au kubadilisha faili ukaambiwa unahitaji ruhusa ya "TrustedInstaller", hapo umefika kwenye sanduku la mita. TrustedInstaller ni huduma ya ndani iliyoanza na Windows Vista, na kazi yake ni kuweka na kusasisha faili za mfumo. Sehemu kubwa ya faili zilizo kwenye C:\Windows ni mali yake. Wewe kama msimamizi unaweza kuzisoma, ila huwezi kuzibadilisha hivi hivi. Sababu ni rahisi: kirusi kikiingia kupitia akaunti yako, kinapata nguvu ulizo nazo. Windows ikikunyima wewe, inakinyima na kirusi.

Halafu kuna folda moja ya kuchekesha inayoitwa "Documents and Settings". Ukiruhusu faili zilizofichwa zionekane, utaikuta kwenye diski ya C, na itakukatalia hata kama mashine imetoka kiwandani jana. Ndani hakuna kitu. Enzi za Windows XP, iliyotoka mwaka wa 2001, faili za watumiaji zilikaa hapo. Vista ilipokuja zikahamishiwa "Users", na jina la zamani likaachwa kama kibao cha barabarani, ili programu za kale zinazotafuta anwani hiyo zielekezwe kwenye mpya. Unachokitafuta kiko C:\Users. Hakuna cha kurekebisha.

Nyingine mbili zinazosumbua watu ni "System Volume Information" na "WindowsApps". Ya kwanza hutunza kumbukumbu za kurudisha mfumo nyuma ukiharibika. Ya pili, iliyo ndani ya Program Files, hutunza programu zinazotoka Microsoft Store. Zote zinaweza kula nafasi na zote hazifunguki, lakini huhitaji kuzivunja ili upunguze mzigo. Programu usizotumia ziondoe kupitia "Settings" kisha "Apps". Kumbukumbu za kurudisha mfumo zipunguze kwa kutafuta "Create a restore point", halafu "Configure".

Na ile folda nono inayoitwa "Windows.old"? Hayo ni mabaki ya Windows iliyokuwepo kabla hawajaweka mpya. Usipigane nayo. Nenda "Settings", "System", "Storage", kisha "Temporary files", utie alama kwenye "Previous Windows installation(s)" na uifute hapo. Inaondoka bila kelele.

Kanuni ya mlango huu ni fupi: kama folda ni ya mfumo na hakuna kilichoharibika, iache. Kutaka kujua tu kilichomo si sababu ya kukata sili.

Mlango wa pili: aliyekutangulia

Hapa ndipo ukarabati wenyewe ulipo. Lakini kabla hujagusa chochote, hakikisha kwamba keateka ni wewe. Kwenye sehemu ya kutafuta andika cmd, bofya kitufe cha kulia cha kipanya juu ya "Command Prompt", uchague "Run as administrator". Kisha andika:

net localgroup administrators

Utapewa orodha ya akaunti zenye nguvu za msimamizi. Jina "Administrator" likiwemo usishtuke, hiyo huja na kila Windows na kwa kawaida huwa imezimwa. Tafuta jina lako. Likiwepo, poa. Kukiwa na jina lingine usilolijua, jua kuna mtu mwingine mwenye funguo za nyumba yako.

Inawezekana pia Windows ikakuitisha nywila ya akaunti nyingine kabla hata ya kufungua hicho kidirisha. Basi wewe ni mpangaji kwenye mashine uliyoilipia mwenyewe. Hakuna amri halali ya kujipandisha cheo kutoka hapo. Rudi dukani wakupe nywila ya msimamizi, au ufanye ile kazi ya kuanza upya tutakayoieleza hapa chini. Usikubali kuambiwa "tumia tu hivyo, haina shida." Anayeshikilia akaunti ya msimamizi anaweza kuweka programu yoyote, ikiwemo ya kunasa unachoandika. Na wewe hapo ndipo utakapoingilia eCitizen, iTax, barua pepe na akaunti unayolipiwa nayo kazi za mtandaoni.

Ukishajua wewe ndiye msimamizi, mambo mengi ni mepesi kuliko unavyodhani. Hata msimamizi, Windows humwacha na nguvu ndogo mpaka aseme "Yes" kwenye lile dirisha linaloomba kibali. Kwa hivyo folda ya mtumiaji mwingine ndani ya C:\Users mara nyingi itakuambia huna ruhusa kwa sasa, lakini ikuonyeshe na kitufe cha "Continue". Ukikibofya unaongezwa kwenye orodha, unaingia.

Swali ni, unaingia kufanya nini? Kama nia yako ni kuiondoa folda ya mtu wa kale, huhitaji hata kuifungua. Nenda "Settings", "Accounts", "Other users", chagua akaunti ile na ubofye "Remove". Akaunti na faili zake zinaondoka pamoja. Fanya hivyo ukiwa na akaunti yako ya msimamizi inayofanya kazi na yenye nywila, usije ukajifungia nje.

Kuna wakati ambapo folda inayokataa ni yako kabisa. Umetoa diski kwenye kompyuta yako iliyokufa na kuiunganisha kwa hii mpya. Au Windows iliwekwa upya na picha zako zilizokuwa kwenye diski ya D sasa zinakuona kama mgeni. Ile nambari ya S-1-5-21 imebadilika, ndiyo maana. Hapo una haki ya kubadilisha kufuli, na njia ni mbili.

Njia ya kubofya ni hii. Bofya kulia kwenye folda, chagua "Properties", kisha "Security", kisha "Advanced". Juu utaona neno "Owner" na pembeni yake "Change". Bofya, andika jina la akaunti yako, bofya "Check Names", kisha "OK". Tia alama kwenye "Replace owner on subcontainers and objects" ili umiliki ushuke mpaka kwenye folda za ndani. Bofya "OK", funga madirisha yote, kisha uyafungue tena. Sasa bofya "Add", chagua jina lako, jipe "Full control", umalize.

Njia ya amri ni ya haraka zaidi folda zikiwa nyingi. Kwenye lile dirisha la Command Prompt ulilofungua kama msimamizi, andika amri mbili, ukibadilisha anwani iwe ya folda yako:

takeown /f "D:\Picha" /r /d y

icacls "D:\Picha" /grant "%username%":F /t

Amri ya kwanza inachukua umiliki wa folda na vilivyomo. Ya pili inakupa ruhusa kamili. Zifuatanishe hivyo hivyo, kwa sababu kumiliki na kuruhusiwa ni mambo mawili: unaweza kuwa na hati ya shamba na bado geti likawa limefungwa. Tumia Command Prompt, usitumie PowerShell, maana PowerShell haiielewi ile %username%.

Soma anwani mara mbili kabla hujabofya "Enter". Herufi /r na /t zinaiambia Windows ishuke mpaka chini kabisa. Ukiandika C:\ badala ya folda moja, utakuwa umebadilisha makufuli ya ploti nzima, pamoja na sanduku la mita.

Na kama folda inafunguka vizuri lakini programu zako ndizo zinazokataliwa kuhifadhi ndani yake, tafuta "Ransomware protection" kwenye Windows Security. Kuna kinga humo inayoitwa "Controlled folder access", ambayo huzuia programu isiyojulikana kuandika kwenye "Documents" na "Pictures". Usiizime. Iongeze programu unayoiamini kwenye orodha ya zinazoruhusiwa.

Kuna kufuli moja ambalo takeown hailiwezi. Faili zikiwa zimesimbwa, yaani maandishi yamevurugwa kwa hesabu mpaka bila ufunguo hayasomeki, umiliki hausaidii kitu. Utakuwa mmiliki halali wa takataka tupu. Fundi akikuambia atazifungua kwa elfu mbili, shika pesa zako.

Maisha ya mwenzio yamo humo ndani

Tuseme ukweli. Ukikuta folda ya mtu yenye picha, barua na vitambulisho, utashawishika kuchungulia. Lakini uliyelipia ni chuma na plastiki. Yule mtu hakukuuzia maisha yake. Pengine alisahau tu, au ofisi yake iliuza mashine mia moja kwa pamoja bila kuzifuta.

Kenya ina Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya mwaka wa 2018, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka wa 2019. Kuvunja kinga ili uingie mahali usipoidhinishwa ni kosa. Kuzisambaza picha hizo kwenye grupu la WhatsApp kutakuletea kesi ambayo bei ya laptopu haiwezi kuilipia. Na kuna akaunti za watu ambazo hukaa wazi kwenye kivinjari. Ukitumia kadi ya mtu kununua kitu kwa sababu "ilikuwa tayari imehifadhiwa", huo ni wizi, haijalishi kiasi.

La heshima na la usalama ni moja: futa, uendelee na maisha.

Mlango wa tatu: kampuni haijaiachilia

Laptopu nyingi zinazouzwa "ex-UK" zilikuwa za ofisi, benki au shule. Wakubwa hao hufunga mashine zao zikiwa mbali, na makufuli mengine hayamo kwenye Windows unayoiona.

Angalia "Settings", "Accounts", kisha "Access work or school". Pakiwa na jina la kampuni usiyoijua, au ukikuta maandishi kwamba mipangilio fulani inasimamiwa na shirika lako, ujue kuna meneja ambaye hujawahi kumwona. Unaweza kuthibitisha kwa kuandika dsregcmd /status kwenye Command Prompt, halafu usome mistari ya AzureAdJoined na DomainJoined. Kwa mashine yako binafsi, yote miwili inafaa iseme NO.

Hapa ndipo wengi hupigwa na butwaa. Kampuni ikiwa imeisajili mashine kwa huduma ya Microsoft inayoitwa Autopilot, hata ukifuta diski yote, ukiunganisha intaneti wakati wa kuiandaa upya utakaribishwa na jina la kampuni na kuombwa barua pepe ya kazini. Usajili hauko kwenye diski, uko kwenye seva, na umefungwa na utambulisho wa mashine yenyewe. Kampuni ndiyo inayopaswa kuiondoa kwenye orodha yake. MacBook nazo zina yao: zile zenye chipu ya T2 au chipu za Apple zenyewe zinaweza kufungwa na akaunti ya mwenyewe wa awali, na kuzifuta hakufungui.

Ongeza nywila ya BIOS, ile inayoulizwa kabla hata Windows haijawaka. Ukikuta makufuli haya, usitafute ujanja wa kuyakwepa. Irudishe dukani. Mashine kama hiyo inaweza kuwa iliuzwa kwa makosa, au iliibwa. Na ikiwa iliibwa, wewe ndiye utakayekutwa nayo.

BitLocker nayo ni kufuli la diski nzima, na ufunguo wake wa dharura una tarakimu 48. Ukiombwa ufunguo huo na huna, data iliyomo isahau, lakini mashine bado unaweza kuiokoa kwa kufuta diski na kuweka Windows upya. Kuna mtego mwingine usioonekana. Laptopu nyingi za sasa huifunga diski zenyewe mara tu mtu anapoingia kwa akaunti ya Microsoft, na ufunguo huhifadhiwa kwenye akaunti hiyo. Muuzaji akiiandaa mashine kwa akaunti yake, ufunguo wa diski yako uko kwake. Siku mashine itakapouitisha, utaanza kumtafuta kwa simu ambayo pengine alishaibadilisha. Fungua aka.ms/myrecoverykey ukitumia akaunti yako mwenyewe uone kama ufunguo upo. Ukiupata, uandike kwenye karatasi.

Kama ulishavuruga

Pengine unasoma haya umechelewa, umeshajipa umiliki wa C nzima, au umempa "Everyone" ruhusa kamili kila mahali. Mashine inawaka lakini menyu ya Start imekufa, na masasisho yanagoma. Fungua Command Prompt kama msimamizi, uandike hizi moja baada ya nyingine:

DISM /Online /Cleanup-Image /RestoreHealth

sfc /scannow

Ya kwanza inahitaji intaneti, na zote zinachukua muda, kwa hivyo chomeka chaja. Hurekebisha faili za mfumo zilizoharibika, ila hazirudishi kila ruhusa uliyoibadilisha. Ukiwa uliweka alama ya kurudisha mfumo kabla ya kuanza, jaribu hiyo. Ikishindikana, hifadhi nakala ya kazi zako kwenye flashi na uanze upya. Usikae kwenye nyumba ambayo milango yote imeng'olewa ukisema umeshazoea upepo.

Na zile programu ndogo za kupakua zinazokuahidi kufungua folda zote kwa kubofya mara moja, wachana nazo. Zinakuomba nguvu za msimamizi na wakati mwingine zinakutaka uzime kinga ya virusi kwanza. Mwizi gani mwingine hukuomba umfungie mbwa?

Dawa kubwa ni kuanza upya

Kwa laptopu ya mtumba, jibu bora huwa si kufungua folda moja moja. Ni kufuta kila kitu siku ya kwanza, kabla hujaweka chochote chako. Ukifanya hivyo, akaunti za watu, mabaki ya mafundi na ruhusa zisizoeleweka vinaondoka kwa mpigo. Kila folda itakuwa na nambari yako tangu mwanzo.

Njia rahisi ni "Settings", "System", "Recovery", "Reset this PC", kisha "Remove everything". Ukifika kwenye mipangilio ya ziada, washa chaguo la kusafisha data, ili faili za wa kale zisifufuliwe kirahisi. Itachukua saa kadhaa. Iache ikiwa kwenye stima.

Njia safi zaidi ni kupakua Media Creation Tool kutoka tovuti ya Microsoft na kuitengeneza kwenye flashi ya GB 8 au zaidi. Faili yenyewe inapita GB 4, kwa hivyo itafutie Wi-Fi ya chuo au maktaba badala ya kuchoma bando. Ukianzisha mashine kwa flashi hiyo, futa sehemu zote za diski kisha uweke Windows. Ila chunga: hiyo inafuta kila kitu, hata diski ya D.

Windows itawashwa na nini? Kama mashine ilikuwa na leseni halali ya kidijitali, leseni hiyo imefungwa na ubao mkuu wa mashine, na itajirudisha ukiunganisha intaneti. Kabla hujafuta, andika slmgr /xpr kwenye Command Prompt. Ukiambiwa imewashwa kwa kudumu, uko sawa. Ukipewa tarehe ya mwisho, au "Activation" ikisema Windows imewashwa kupitia huduma ya shirika lako, leseni hiyo ni ya muda wa siku 180 na hujirudia tu ikiipata seva ya shirika. Kwa laptopu ya dukani, mara nyingi hiyo ni kazi ya programu ya wizi. Muulize muuzaji kabla hujaondoka.

Angalia pia kizazi cha prosesa. Microsoft ilisitisha msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa upande wa Intel inataka prosesa ya kizazi cha 8 kwenda juu, pamoja na chipu ya TPM 2.0. Core i5-8250U ni kizazi cha 8, inapita. Core i5-6300U ni kizazi cha 6, haipiti. Ukiwa na ya zamani, Linux Mint au Ubuntu zitakupa mfumo usio na deni wala wizi, na kazi za kuandika, kuvinjari na kusomea zitaenda tu.

Dakika kumi kabla hujalipa

Mambo haya yote ni rahisi zaidi ukiwa bado umesimama dukani na pesa ziko kwenye simu. Mwambie muuzaji kwa adabu kwamba unataka kuiangalia. Muuzaji mzuri atakupa kiti.

1. Zima na uwashe. Isikuulize nywila kabla ya Windows kuwaka.
2. Angalia "Access work or school". Pasiwe na kampuni.
3. Andika net localgroup administrators uone nani ana funguo.
4. Andika slmgr /xpr uone leseni.
5. Mwambie aifute mbele yako, aiunganishe na intaneti, na wewe ndiye uandike akaunti ya kwanza. Kampuni ikijitokeza kwenye skrini, bado una pesa zako.
6. Risiti iwe na nambari ya mashine, si neno "laptop" pekee.

Akikataa hilo la tano akisema itachukua muda, mwambie utarudi jioni. Ukikuta maneno yamebadilika, endelea na duka la pili.

Ukishafika kwako, tengeneza akaunti mbili: moja ya msimamizi yenye nywila nzito, na nyingine ya kawaida ya kutumia kila siku. Kuanzia hapo, ujumbe wa kukukatalia utakuwa unatoka kwa kufuli lako mwenyewe, na utajua lini pa kuingiza ufunguo na lini pa kuacha. Na siku utakapoiuza, ondoa akaunti zako, futa diski, umpe anayekuja mashine tupu. Asije akakutana na jina lako ndani ya C:\Users akaanza kujiuliza wewe ni nani.